Jemadari Naye Ana Wakili

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na mawakili wapya, Arusha

Mwenyekiti, walimu wetu, mawakili wasomi na ninyi mnaosubiri kuitwa hivyo, habari za mchana. Nashukuru kwa mwaliko. Nilipewa mada ya maadili ya uwakili, nikaomba ibadilishwe, maana maadili yakihubiriwa baada ya pilau husikilizwa na watu waliofumba macho. Nitazungumza juu ya mteja ambaye hakuna anayemtaka: mwanajeshi mkubwa, mwenye nyota begani, aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa kwa mambo ambayo ukiyasoma kwenye hati ya mashtaka unalazimika kuweka karatasi chini na kutoka nje kidogo.

Kila aliyefanya kazi hii ameshaulizwa na shangazi, shemeji na dereva teksi: "Yaani wewe unamtetea yule?" Zamani nilijibu kwa kutaja haki ya kila mshtakiwa kuwa na wakili. Jibu sahihi, lakini halijawahi kumridhisha shemeji hata mmoja. Siku hizi nami nauliza: wewe unadhani anashtakiwa kwa kufanya nini? Wengi watakwambia ameua, amebaka, amepora. Basi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, kwa sababu kamanda anayeshtakiwa chini ya Ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague, Uholanzi, hashtakiwi kwa alichokifanya. Anashtakiwa kwa ambacho hakukifanya. Waliotenda ni askari wake. Yeye anaulizwa: ulikuwa wapi, ulijua nini, na ulipojua ulifanya nini?

Maswali hayo yana majibu. Hayajibiwi kwa wingi wa makaburi, hayajibiwi kwa machozi ya shahidi, hata yawe ya kweli kiasi gani. Na bila wakili wa utetezi anayeng'ang'ania yajibiwe kwa ushahidi, mahakama itaruka kutoka kwenye maiti moja kwa moja hadi kwa jemadari, na katikati hapatakuwa na kitu.

Hili limeshatokea. Someni kesi ya Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani. Alikabidhiwa majeshi ya Ufilipino Oktoba 1944, wakati Wamarekani wako mlangoni. Februari 1945 askari wa Kijapani waliobaki Manila, wengi wao wa jeshi la majini, waliwachinja raia kwa maelfu. Yamashita mwenyewe alikuwa milimani kaskazini. Vita vilipokwisha akashtakiwa mbele ya tume ya kijeshi ya Marekani hapo hapo Manila. Waliokaa kumhukumu walikuwa majenerali watano, hakuna hata mmoja aliyesomea sheria. Hati ya mashtaka ilikuja na matukio 64. Siku kesi inaanza, tarehe 29 Oktoba 1945, yakaongezwa mengine 59. Mawakili wake, ambao walikuwa maofisa wa jeshi lile lile la Marekani lililomshinda, waliomba muda wa kuyachunguza. Wakanyimwa. Tarehe 7 Desemba akahukumiwa kifo, na Februari 1946 akanyongwa.

Wale vijana wa Kimarekani hawakuishia Manila. Walimfikisha adui yao hadi Mahakama Kuu ya nchi yao wenyewe, wakashindwa, lakini wakaacha kumbukumbu. Jaji Frank Murphy alipinga uamuzi wa wenzake, na hoja yake nikiieleza kwa maneno yangu ni hii: tulifanya kila tuliloweza kuvunja mawasiliano ya jeshi lake, tukafanikiwa, sasa tunamhukumu kwa kushindwa kuliongoza jeshi ambalo sisi ndio tuliolivunja.

Sisemi Yamashita alikuwa malaika. Singapore mwaka 1942 jeshi lililokuwa chini yake liliua raia wengi wa Kichina. Lakini Manila hakushtakiwa kwa Singapore. Na hapo mwanasheria hutofautiana na mtu wa kijiweni: wa kijiweni anasema si ni yule yule tu.

Sasa tuje kwa majirani zetu. Kesi ninayotaka tukae nayo ni ya Jean-Pierre Bemba.

Oktoba 2002 Bemba ni kiongozi wa kundi la waasi la MLC, makao yake Gbadolite, kaskazini mwa Kongo. Ng'ambo ya mto Ubangi, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Rais Ange-Félix Patassé anashambuliwa na watu wa Jenerali François Bozizé. Patassé anaomba msaada. Askari wa MLC wapatao 1,500 wanavuka mto kutoka Zongo kuingia Bangui, wakiongozwa na kanali mmoja aliyejulikana kwa jina la Moustapha. Wanakaa huko hadi Machi 2003, Bozizé anapouteka mji. Katika miezi ile watu wa Bangui na miji ya jirani wanauawa, wanaporwa, na wanabakwa wanawake, watoto na wanaume pia, mara nyingine mbele ya familia zao. Waathirika 5,229 waliruhusiwa kushiriki kwenye kesi. Nawaomba namba hiyo mkae nayo, msiipite haraka. Wakili wa utetezi anayedhani kazi yake ni kuwafanya wale watu wote waongo hajaelewa kesi yake.

Bemba alikamatwa karibu na Brussels Mei 2008. Kesi ikaanza The Hague Novemba 2010. Machi 2016 majaji watatu, wote wanawake, mmoja wao Joyce Aluoch wa Kenya, wakamtia hatiani kwa kauli moja, na baadaye wakampa miaka 18. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ICC kumtia mtu hatiani kama kamanda kwa makosa ya watu wake.

Utetezi ulikuwa na nini mkononi? Kwanza, swali la nani aliyekuwa akiwaamuru askari wale. Walipovuka mto waliingia kwenye vita vya mtu mwingine. Serikali ya Patassé ndiyo iliyowapa mafuta na vifaa, na walipigana bega kwa bega na majeshi ya nchi ile. Bemba alikuwa Gbadolite, nchi nyingine, zaidi ya kilomita mia mbili. Upande wa mashtaka ukajibu kwa simu za setilaiti na madaftari ya redio.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hakuna mwalimu atakayewafundisha hili. Makao makuu ya kijeshi yenye simu ya upepo huwa na daftari, na mtu wa redio huandika humo kila ujumbe unaoingia na unaotoka. Ukiletewa daftari kama hilo, na wakili kijana siku zote hukosea hapa, usianze kusoma ujumbe unasema nini. Tazama kwanza umeandikwa saa ngapi. Umetoka kwa nani. Umepelekwa kwa nani, na nakala imekwenda kwa nani. Je, ni taarifa, au ni ombi la ruhusa? Mtu wa mstari wa mbele akiuliza "tufanye nini?" ujue huyo ana bosi upande huu. Akisema tu "tumeshafika mahali fulani," huenda bosi wake yuko kwingine na hapa wanajulishwa kwa heshima. Kisha tafuta kurasa ambazo hazina kitu. Siku tatu za ukimya kwenye daftari la vita zinaweza kukusaidia au kukumaliza, na ni afadhali ulijue hilo wewe kabla ya mwendesha mashtaka.

Majaji wa kwanza waliyasoma madaftari hayo pamoja na ushahidi mwingine, wakaona Bemba alikuwa na udhibiti hasa juu ya watu wake. Waliona pia alijua, kwani habari za ubakaji na uporaji zilikuwa zikitangazwa na redio za kimataifa wiki hadi wiki. Sitawadanganya: kwa hoja hizo mbili utetezi ulikuwa na mlima mkali.

Ukombozi wake ulitoka kwenye swali la tatu, lile la hatua. Sheria inamtaka kamanda achukue hatua zote za lazima na za busara zilizo ndani ya uwezo wake. Bemba alikuwa amefanya vitu fulani. Alikwenda kwa askari mwezi Novemba akazungumza nao juu ya mwenendo wao. Iliundwa tume ya uchunguzi, na luteni mmoja na askari wachache wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Gbadolite. Alimwandikia mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Bangui, na baadaye akaliandikia shirika la haki za binadamu la FIDH. Majaji wa kwanza walisema hizo zote zilikuwa geresha: askari wameshtakiwa kwa vitu vidogo vidogo vya kuporwa, hakuna aliyeulizwa juu ya ubakaji, na mzee alikuwa akilinda jina lake tu.

Mahakama ya Rufaa, Juni 8, 2018, ikageuza. Majaji watatu kati ya watano wakasema majaji wa kwanza hawakutazama vya kutosha ugumu wa kuchunguza na kuadhibu ukiwa nje ya nchi ambako askari wako wapo. Wakasema pia kuwa nia ya kulinda jina haiifanyi hatua kuwa si hatua. Na kamanda hatakiwi kuchukua kila hatua ambayo jaji, akiwa ofisini miaka 13 baadaye, anaweza kuifikiria.

Sehemu nyingine ya hukumu ile haikupata nafasi kubwa magazetini, nami naiona ndiyo nzito zaidi. Hati ya mashtaka iliandikwa kwa mapana mno: askari wa MLC walifanya uhalifu Jamhuri ya Afrika ya Kati kati ya tarehe hii na tarehe hii. Ilipopimwa ni matukio gani hasa mshtakiwa alikuwa ameshtakiwa nayo kwa namna inayomwezesha kujitetea, kilichobaki ndani ya kesi kilikuwa mauaji ya mtu mmoja, ubakaji wa watu 20 na matukio matano ya uporaji. Miaka kumi kizuizini, maelfu ya waathirika, na karatasi za mashtaka zimeshindwa kuwabeba.

Naona baadhi yenu mmekunja uso. Mna haki. Hesabu ya kesi hii ina jambo la ajabu: majaji wanane waliandika juu ya hatia ya Bemba, watatu chini na watano juu. Watano kati ya wanane waliona ana hatia, na alitoka. Majaji Sanji Monageng na Piotr Hofmański walipinga kwa nguvu uamuzi wa wenzao wa rufaa, na ukiniuliza mimi, kwenye suala la hatua alizochukua, wana hoja nzito kuliko watu wa utetezi wanavyopenda kukiri. Askari saba wakishtakiwa kwa kuiba vyombo wakati mji mzima unalia ubakaji, si rahisi kuniambia hayo ndiyo yote kamanda aliyoweza.

Lakini kwenye suala la hati ya mashtaka siyumbi. Wanawake wa Bangui walisafiri, wakasimama mbele ya watu wasiowajua, wakasema yasiyosemeka. Aliyewaangusha si wakili aliyesoma hati ya mashtaka kwa makini. Ni walioiandika wakidhani ukubwa wa uhalifu utaziba mashimo yake. Na kwa uhalifu ule wa 2002 na 2003 ICC haikumshtaki mtu mwingine yeyote, si kanali wala luteni. Mayai yote yaliwekwa kwenye kapu moja, kapu likaanguka.

Baada ya kuachiwa kwake, taratibu za fidia ndani ya kesi zikafungwa, kwa kuwa fidia ya mahakama ile hufuata hatia. Mfuko wa Waathirika, ulio sambamba na mahakama hiyo, ukasema utawasaidia kwa njia yake nyingine ya misaada. Ni kitu, lakini si sawa na mtu kuambiwa na mahakama: wewe ulitendewa hivi, na huyu anawajibika.

Sasa niseme la aibu, na ni la upande wetu. Wakati kesi kuu inaendelea, wakili mkuu wa Bemba, Aimé Kilolo, alikuwa akifanya kazi nyingine gizani. Novemba 2013 alikamatwa. Mahakama ilikuja kuthibitisha kwamba mashahidi 14 wa utetezi walihongwa au kufundishwa uongo. Walipewa fedha na simu siku chache kabla ya kutoa ushahidi. Walipigiwa na kuelekezwa useme hivi, usiseme vile, hata shahidi akiwa katikati ya siku zake za kizimbani. Simu ya siri ya kizuizini, ile ambayo mshtakiwa anaruhusiwa kuongea na wakili wake bila kusikilizwa, ikageuzwa kuwa mlango wa kumuunganisha Bemba na mashahidi. Walizungumza kwa mafumbo wakidhani hakuna anayeelewa. Walikuwa wakirekodiwa.

Oktoba 2016 wakili, mteja na wenzao watatu wakatiwa hatiani. Kwa kosa hilo Bemba alipata kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 300,000, na hili halikufutwa pamoja na lile kubwa. Aliporudi Kinshasa Agosti 2018 akitaka urais, tume ya uchaguzi ilimkata kwa sababu hiyo hiyo. Aliyekuja kushinda rufaa ni wakili mwingine, Peter Haynes, kwa hoja za sheria zilizokuwa wazi kwenye majalada siku zote. Ile hongo haikuhitajika. Simu ile ya siri kati ya mfungwa na wakili wake ilipiganiwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kila anayeitumia vibaya anawanyima wanaokuja baada yake. (Bemba, kwa msiosikia, Machi 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kongo. Sina la kuongeza.)

Niwarudishe nyumbani. Pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa Arusha, Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hadi mwisho wa 2015. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba majalada kwenye timu moja ya utetezi. Jirani walikuwa wakimtetea Brigedia Jenerali Gratien Kabiligi, aliyekuwa mkuu wa operesheni katika jeshi la Rwanda. Alikamatwa Nairobi Julai 1997. Upande wa mashtaka ulimweka kwenye mauaji ya siku zile za mwanzo za Aprili 1994. Utetezi ukaonyesha alikuwa nje ya Rwanda, safarini Misri, na hakurudi hadi tarehe 23 Aprili. Kazi ile haikuwa na ufasaha wowote wa mahakamani: ni kutafuta nani alimwona wapi na karatasi gani ina tarehe gani, miaka mingi baada ya tukio. Desemba 2008 akaachiwa huru. Wenzake watatu kwenye kesi hiyo hiyo, akiwemo Kanali Théoneste Bagosora, siku hiyo hiyo walihukumiwa maisha. Mahakama ile haikuwa laini kwa mtu. Ilipoonyeshwa, iliona.

Halafu? Halafu walioachiwa huru hapa Arusha wakakosa pa kwenda. Waliishi kwenye nyumba ya hifadhi hapa hapa mjini mwaka baada ya mwaka, kwani kurudi Rwanda waliogopa na nchi nyingi hazikuwataka. Desemba 2021 watu wanane, baadhi walioachiwa huru na baadhi waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Hata mwezi haukuisha, serikali ya Niger ikawaamuru waondoke. Ukimtetea jemadari akashinda, ujue hapo kesi imekwisha lakini mteja bado unaye.

Na wapo waliolipa zaidi. Profesa Jwani Mwaikusa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimtetea Yussuf Munyakazi hapa Arusha, na ndiye aliyepinga kwa mafanikio mteja wake kupelekwa kuhukumiwa Rwanda. Julai 2010 aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Dar es Salaam. Kuhusu sababu yamesemwa mengi, sitaongeza langu. Ila wakati mnaulizwa na shemeji zenu kwa nini mnafanya kazi hii, mkumbuke kuna Mtanzania aliyeifanya vizuri, kwa sheria tupu.

Mnajiuliza hili linawahusu nini ninyi wa leo, wakati ile ya Rwanda imefungwa na The Hague ni mbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Mwaka 2014, pale Malabo, viongozi wa Afrika walipitisha itifaki ya kuipa mahakama ya bara uwezo wa kusikiliza kesi za uhalifu wa kivita na mauaji ya kimbari. Walijipa kinga marais walio madarakani, na kwa hilo wanastahili lawama yote waliyoipata. Lakini ndani ya itifaki hiyo hiyo mna kitu ambacho hata ICC haina: ofisi ya utetezi iliyo chombo kamili cha mahakama, inayosimama sawa na ofisi ya mashtaka. The Hague watetezi wa umma wanahifadhiwa chini ya msajili.

Itifaki bado haijaanza kutumika, inasubiri nchi 15 ziridhie. Ikianza, hati za mashtaka zitaandikwa mjini humu, na lazima awepo mtu wa kuzisoma kwa upande wa pili. Anzeni sasa na hukumu ya Juni 8, 2018. Kisha someni maoni ya wale majaji wawili waliopinga, ambayo ni marefu kuliko hukumu yenyewe, na mjaribu kuyajibu kwa maandishi, hoja kwa hoja. Atakayefanikiwa aniletee, ningependa kuona.

Mwenyekiti, nadhani muda wa maswali upo. Naomba wapewe nafasi kwanza wale waliokunja uso.